Niliposema Mama Yako Hakusafiri

Andika kwanza kwamba baba yangu alizaliwa upande wa Siongiroi, katika nchi ya ng'ombe na vumbi, na mama yangu alizaliwa karibu na Chepilat, mahali ambapo ukitembea kidogo tu unasalimiwa kwa lugha nyingine. Majina yao usiyaandike. Wengi walioyajua wamekwisha kufa, na wewe unayajua. Wao hawakuingia darasani, nami sikuingia. Ndiyo maana mkono unaoandika ni wako na maneno ni yangu. Usiyapambe, wala usinitafutie maneno mazuri kuliko haya ninayokupa.

Umeniletea barua ya vijana wa kanisa mara tatu, ile inayotaka alama ya kidole changu ili uende nao kuwahudumia watu wa mafuriko kule chini uwandani. Mara tatu nimekataa. Mara ya mwisho ulisema, "Kogo, nipe basi hata sababu moja," nami nikakutuma ukakamue ng'ombe ambaye alikuwa amekwisha kukamuliwa. Nyanya yako si mtu wa kukosa jibu. Ulilijua hilo, ndiyo sababu ulinitazama vile. Leo nakupa sababu. Ni habari ya jinsi mama yako alivyokufa, na ya jibu nililompa daktari. Wajomba zako wanaujua ugonjwa. Jibu langu hawalijui.

Sisi hatukulelewa kusafiri ili kuona. Mtu aliondoka kwao kwa kuolewa, kwa kutafuta malisho au kwa kwenda kuzika. Mimi nilitoka kwetu kwa miguu nikaja hapa karibu na Kaplong kuolewa, na siku ya pili nilikuwa na jembe mkononi. Kwa miaka mingi nilijua njia tatu tu: ya mtoni, ya kituo cha kupimia majani ya chai, na ya kanisani. Babu yako alipofariki, akina mama wa kanisa walinichagua niwe mwenyekiti wao, na hapo ndipo nilipoanza kupanda magari. Tulikwenda kuwaona wagonjwa, kuwafariji wafiwa, kufungua makanisa mapya. Nilionja kitu ambacho sikuwa nimekionja maishani: kushuka garini nikiimbiwa, kupewa kiti cha mbele, kuitwa mama mwenyekiti na watu waliosoma. Nilikipenda kuliko ilivyonifaa. Niliwaambia akina mama, tena mbele ya mchungaji, kwamba mtu anayetoka kwa kazi ya Mungu hurudi mzima. Hakuna aliyenifundisha hayo. Niliyatunga mwenyewe, yakawapendeza watu, nikawa nayarudia.

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka mito ikavunja kingo kule chini kwenye mashamba ya mpunga, na watu wakahamia shuleni na watoto wao na kuku wao. Tulikusanya mahindi, kabeji, blanketi na majani ya chai. Tulikusanya pia neti za mbu. Neti hizo zilikuwa zimegawiwa huku kwetu nyumba kwa nyumba, lakini katika baridi hii ya chai ni nani aliyesumbuliwa na mbu? Wengine walifunikia vitalu vya sukuma wiki, wengine waliwakinga vifaranga na mwewe, na nyingi zilibaki sandukuni ndani ya karatasi zake. Nilijivunia lile rundo la neti kuliko magunia ya mahindi. Lilikuwa kubwa, na hakuna nyumba iliyopungukiwa kitu kwa kulitoa.

Mama yako alikuwa kitindamimba wangu na mwalimu wa chekechea. Alikuwa amerudi nyumbani nawe mgongoni, nami sikumwuliza mengi. Mwaka ule wa mvua ulikuwa na miaka minne. Hakutaka kwenda, alisema una kikohozi. Nilimwambia kwamba binti wa mwenyekiti hawezi kukaa jikoni wakati mabinti wa watu wengine wanabeba magunia. Akakuacha kwa jirani, akaja.

Tulishuka kwa basi la shule. Kabla ya saa sita tulikuwa tumevua sweta, na jasho lilikuwa linatutiririka hata tukiwa tumekaa.

"Yesu wangu, hili jua ni la watu wangapi?" akauliza mmoja wetu.

"Ni la kila mtu, wewe umezoea kupewa nusu," mwenzake akamjibu, na basi zima likacheka.

Tulipokelewa na mama mmoja mwembamba, mwenyeji wa pale, aliyekuwa amepoteza nyumba na mbuzi wote. Alituonyesha darasa la kulala, akatuletea maji ya kunawa katika beseni lililotoboka, akiziba tundu kwa kidole. Tukagawa vitu vyote hadi jioni. Neti zilipokaribia kwisha, mama yako alinisogelea.

"Mama, tubaki na neti mbili tatu. Tutabanana."

"Tumekuja kutoa. Hatukuja kujigawia."

"Mbu wa huku si kama wa nyumbani, mama. Hii kitu inaua watu."

"Umesoma hivyo vyote na bado unaogopa mdudu?"

Sikusema kwa sauti ya chini. Wenzangu walicheka, na mmoja akaongeza, "Mwalimu, mbu wetu wa Kaplong walikufa baridi. Hawa tutawaua na maombi!"

Yule mama mwenyeji hakucheka. Alikunja neti aliyopewa, akaninyoshea. "Mama, chukua hii yangu. Mimi na watoto tutajibana kwa dada yangu. Mbu wa hapa hawana adabu, hawaulizi mgeni ametoka kanisa gani."

Niliirudisha mikononi mwake mbele ya watu wote. Mchungaji alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nakumbuka nilijiona mrefu. Mama yako aliinama, akaendelea kufungua magunia.

Tulikaa siku mbili, tukafua blanketi na kupika uji kwa masufuria makubwa. Kazi ile ilikuwa njema, na sitaki uandike kinyume chake. Waliokula walikuwa na njaa kweli.

Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi, tulikuwa shambani tunachuma chai. Mama yako alikuwa kwenye laini ya michai iliyo karibu na yangu. Alisimama, akajikumbatia, na meno yake yakagongana ingawa jua lilikuwa limetoka.

"Mama, nasikia baridi ndani ya mifupa."

"Ulinyeshewa jana. Chuma, utapata joto."

Alichuma. Nilipochungulia kikapu chake niliona majani makuukuu yamechanganyika na machanga, nikamgombeza kwamba atatuaibisha kituoni. Alimwaga kikapu chini akaanza kuchagua jani moja moja, mikono ikitetemeka. Hayo niliyaona kwa macho yangu. Sikumwambia aende akalale.

Siku tatu nilimpa chai ya tangawizi na majani machungu yaliyochemshwa. Asubuhi anapoa, anaomba uji, anakuosha uso. Alasiri baridi inamrudia. Nilisema ni kifua, kwa kuwa huku kwetu mvua huleta kifua. Lakini tangu siku ya pili kulikuwa na wazo jingine kichwani mwangu, na kila lilipokuja nililifukuza. Siku ya nne alikutazama ukiwa umesimama kando ya kitanda, akaniuliza wewe ni mtoto wa nani.

Majirani walimbeba hadi hospitalini. Nilifuatana na akina mama wawili wa kanisa, wote wawili walikuwa nasi kule chini. Daktari alikuwa kijana mwenye upole. Aliuliza juu ya kikohozi, juu ya chakula, na siku ugonjwa ulipoanza. Kisha akauliza, "Mama, huyu amesafiri siku za karibuni? Ametoka nje ya milima hii?"

Usiandike kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa kabisa. Nilijua anatafuta nini, na nilijua kwamba nikisema ndiyo, wale wawili nyuma yangu watasikia kwamba binti yangu aliugulia katika kazi ya Mungu, kwa neno langu, baada ya kuomba neti nikamcheka. Nilisema, "Hapana, daktari. Hajasafiri. Ni mvua ya shambani."

Mmoja wa wale wawili alikohoa kidogo. Hakusema kitu, kwa sababu mimi nilikuwa mwenyekiti.

Daktari alitibu kifua, kwa kufuata maelezo yangu. Kesho yake asubuhi muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka alimsikia yule aliyekohoa akinong'ona habari za mafuriko. Alitoka mbio. Wakamtoboa mama yako kidole, wakakuta malaria, wakamtundikia dawa. Ilikuwa imekwisha kumpanda kichwani. Alifariki mchana, mkono wake ukiwa umeshika upindo wa gauni langu, ingawa sidhani alijua ni la nani.

Yule daktari alinijia kwenye benchi la nje. "Mama, si ulisema hajasafiri?" Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

Nilimwambia nilisahau.

Mazishi yalipita ukiwa kwa yule jirani. Ulipouliza mama yuko wapi, watu wazima walinitazama mimi. Daktari alipotaka kujua kama amesafiri nilikana. Wewe ulipomtafuta, nikakuambia amesafiri. Ulikubali haraka mno. Ukauliza atarudi na nini.

Desemba iliyofuata wajomba zako walisema familia imechoka kulia, twende mahali tupumzike. Wakakodisha gari wakatupeleka Naivasha, kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda mahali bila kazi wala msiba, nami sikujua mikono niiweke wapi. Watoto wa wajomba zako walikimbilia mashua. Wewe ulikwenda kusimama langoni. Kila gari lililoingia uliangalia wanawake wanaoshuka, mmoja mmoja, kisha ukarudi mahali pako. Mlinzi alikuletea kiti.

"Unangoja nani, rafiki yangu?"

"Mama. Alisafiri."

"Basi atafika. Leo tuna wageni wengi."

Mjomba wako mkubwa alikuja akaniambia, "Mama, muondoe huyu mtoto pale, anatuaibisha." Nilikwenda nikakuvuta mkono. Nilikuambia hakuna mtu anayekuja, ukale. Ulikula samaki wako wote bila kulia, macho yako yakiwa langoni. Hata hapo sikukueleza. Walikueleza binamu zako, miaka miwili baadaye, wakigombana nawe kwa sababu ya mpira. Ulikuja shambani ukanitazama, ukashika kikapu, ukachuma hadi jioni.

Tuliporudi kutoka Naivasha niliacha uenyekiti. Walidhani ni uzee. Kati ya wale wawili mmoja amekufa; mwingine hunisalimu akitazama viatu vyangu.

Umekua ukipenda kila safari inayotajwa katika nyumba hii. Watu husema umerithi miguu ya mtu fulani. Mimi nilikuona langoni, na najua ulikoitoa hamu hiyo. Ndiyo maana kila ulipoleta barua nilikataa. Nilijidanganya kwamba ninakulinda na uwanda ule. Kwa kweli niliogopa kwamba ukienda utakutana na mtu atakayekumbuka mwalimu aliyeomba neti, na utarudi ukiwa unanijua.

Sasa unanijua. Lete wino. Nitaweka kidole kwenye barua hiyo, uende Jumamosi. Usilale huko bila neti, hata wenzako wakikucheka, hata kiongozi wenu akikukemea mbele za watu. Ukirudi ukasikia baridi, hata mwezi mzima ukiwa umepita, utamwambia daktari kila mahali ulipokanyaga, na mimi sitakuwa chumbani.

Haya ndiyo ya kutunza. Kaburi la mama yako liko kati ya migomba na laini ya kwanza ya chai. Shamba likigawanywa, wajomba zako watataka kupanda hadi ukutani mwa nyumba, kwa kuwa ardhi ni ndogo na kaburi halichumwi. Usikubali miche ipandwe pale. Palilia wewe mwenyewe, wala usimwajiri mtu. Picha yake akiwa na watoto wa chekechea usiitundike jikoni. Moshi umekwisha kula upande mmoja.

Tunza na karatasi hizi. Wajomba zako watasema nyanya alikuwa amezeeka, aliyachanganya mambo. Sikuchanganya. Watataka uweke kwamba Mungu alimpenda zaidi yetu. Maneno hayo yalisemwa siku ya mazishi, nami niliitikia amina pamoja na wengine, usiyaweke. Weka swali la daktari na jibu langu kama nilivyokupa, na majina ya wale wawili usiyatafute, kwa sababu kosa halikuwa lao.

Na kama baada ya kuandika haya hutaki kulala katika nyumba hii, mjomba wako wa Kericho ana chumba. Sitakuuliza. Lakini usiondoke kabla hujanisomea yote kwa sauti, polepole, nisikie ni wapi umenihurumia, upafute.