Mbwa Aliyerekebishwa kama Saa

Mbwa nawajua kwa meno. Nimesoma mita za maji nyumba kwa nyumba miaka kumi na tisa, na mguuni nina kovu la kila mtaa. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiita nikamwone mbwa wake mpya, nilivaa buti.

Shemeji ni fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo ofisi: meza moja, taa moja, kile kioo cha kukuzia anachokibana jichoni, na saa za ukutani thelathini na mbili. Amekalia kiti kilekile tangu amwoe dada yangu, miaka ishirini na sita, na kiti kimeshachukua umbo la makalio yake. Mteja akiulizia saa yake, jibu ni "dakika mbili." Wapo wanaongoja dakika mbili hizo tangu mwaka juzi. Mtaa mzima unamwita Dakika Mbili, naye anadhani anasifiwa kwa wepesi.

Mtu huyu, ambaye kutoka kitini kwenda chooni ni safari ya kuagana na watu, ndiye aliyekwenda kutafuta mbwa chotara mkubwa kama ndama. Baba wa mbwa ni wa jamii ya wale wanaovuta mizigo kwenye theluji, mama ni mbwa wa polisi. Aliyemuuzia alimwambia mnyama amechukua nguvu za baba na akili za mama, na shemeji aliyarudia maneno hayo kwa kila mteja kana kwamba kamzaa yeye. Hakujiuliza mbwa wa kuvuta mizigo kutwa nzima atavuta nini kwenye ua wa hatua tisa kwa sita. Alitaka mbwa wa kusikika. Akamwita Kamanda, akamfunga mnyororo kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akarudi kitini.

Akasikika, kweli. Kamanda habweki sana, huvuta sauti ndefu ya kilio kama mtu aliyefiwa, na alianza kila shemeji alipofungua duka. Kabla hajatimiza mwaka na nusu alikuwa na kilo arobaini. Alichimba ua mpaka bomba la maji likaonekana. Siku moja aling'oa nguzo, akaruka ukuta na mnyororo wake, pamoja na shuka la dada yangu, akatua kwa jirani, muuguzi mstaafu. Alimwangusha kwa mapenzi tu na kumlamba uso mzima, lakini meno ya bandia ya yule mama yalivunjika, na majirani hawakungoja zaidi. Walimwandikia bwana afya.

Bwana afya alikuja na fomu. Alimpa shemeji siku kumi na nne. Akirudi akakuta mbwa hamtii mwenyewe, mbwa atachukuliwa na kuuawa. Dada yangu alisaini kama shahidi. Watoto wao wameshaondoka wote, na huyo mbwa ndiye pekee aliyekuwa akiinuka anapomwona akiingia.

Dada ndiye aliyemwita daktari wa mifugo, mama mmoja asiye na muda wa kupoteza. Daktari alimshika Kamanda nyonga, akamtazama meno, akasema huyu si mkali, hana kazi. Akimbizwe saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, jua likiwa chini, maana lami ya mchana itamuunguza nyayo. Manyoya yake ya tabaka mbili yachanwe mara kwa mara, ila asinyolewe, kwani ndiyo yanayomkinga na jua. Ale mara mbili kwa siku, maji yasimkaukie, asilale kwenye sakafu ya utelezi, kwa sababu mbwa wazito kama yeye huharibika nyonga. Tena afundishwe kitu kila siku, kwa kuwa akili isiyotumika inatafuta nguzo ya kung'oa.

Shemeji alisikiliza yote bila kutoa kioo jichoni. Daktari alipoondoka, akatoa hukumu ya kifundi: saa inayokwenda mbio hairekebishwi kwa kukimbizwa, inapunguzwa. Akakata chakula cha Kamanda nusu. Kila asubuhi akafupisha mnyororo pingili moja, kama anayesogeza mshale wa saa. Akapiga marufuku mbwa kutolewa nje, eti akizoea barabara hatakubali ua. Nilimwambia anamuua mnyama wa watu.

"Shemeji," akasema, "wewe unasoma mita. Huzitengenezi."

Nikachukua buti zangu nikaondoka, kwa ajili ya dada.

Siku ya tano, Kamanda akatulia. Akawa analala mchana kutwa, masikio yamelegea, hata kilio kimekwisha. Shemeji alivimba kichwa. Alikuwa akiwaita wateja mpaka dirishani wamwone, akiwaeleza habari za pingili, na mteja wa saa ya mwaka juzi naye akatikisa kichwa kwa heshima. Nami, na hili naliona aibu kulisema, nilianza kuamini.

Siku ya tisa zamu yangu ilikuwa nyumba za mlimani, ambazo lazima uzisome mapema kabla watu hawajafunga mageti kwenda kazini. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Nilimwona mwanamke anakimbia kando ya reli, kamba ya mbwa kafunga kiunoni, raba zake zimejaa tope. Mbwa alikuwa mbele, mkia juu, anavuta kwa raha. Mwanamke alikuwa dada yangu, wa miaka hamsini na mmoja, mwenye goti la kuvimba.

Alisimama akihema. Kamanda akakaa hapohapo bila kuambiwa, akamtazama usoni. Dada akampa kipande cha nyama kutoka mfukoni, ile nusu aliyokatwa. Akaniomba nisiseme, maana mumewe akijua, zile siku tano zilizobaki mbwa hataona hata mlango. Kisha akageukia kule walikotoka.

"Hivi ulijua kule chini kuna daraja?" akaniuliza.

Nilijua. Napita juu yake kila mwezi. Yeye kaishi mtaa huo miaka ishirini na sita.

Bwana afya alirudi siku ya kumi na nne saa nne asubuhi, na majirani wakajipanga ukutani, muuguzi akiwa mbele na meno mapya. Shemeji alitoka na kioo chake jichoni kama nishani. Alianza na hotuba ya pingili. Bwana afya akamkatiza, akataka mbwa afunguliwe na mwenyewe amwite.

"Kamanda, njoo," shemeji akaita.

Kamanda alinyanyuka. Akampita kama anavyoipita nguzo, akaingia ndani, na tukasikia kitu kinaanguka. Shemeji akaita tena, sauti imepanda. Bwana afya alishafungua kalamu, na nilimwona akiipeleka kwenye kisanduku cha chini kabisa cha fomu, kile cha mbwa wa kuuawa. Mbwa akatoka na raba moja yenye tope mdomoni, akaivusha mbele ya watu wote, akaiweka miguuni pa dada yangu.

"Mwenye mbwa ni mimi," dada akasema.

Sijawahi kumsikia akisema kitu chochote katika nyumba ile ni chake. Akasema "kaa," taratibu, na zile kilo arobaini zikakaa. Akasema "lala," zikalala. Muuguzi alianza kucheka, akaziba mdomo. Bwana afya alikata jina la shemeji kwenye fomu, akaandika la dada yangu juu yake.

Shemeji alitoa kioo jichoni. Bila kile kioo jicho lake ni dogo, kumbe.

"Huwa unatoka naye saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na moja," dada akasema, akiinama kuchukua raba yake. "Napita chini ya saa zako zote."