Ile mbwa ya mbao ya Mama Kamau, na kikohozi cha binti yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nimekuwa nikisoma story zenu hapa kimya kimya, leo wacha nami nitoe yangu. Sijaongeza chumvi. Aliyepatwa ni binti yangu, na yuko hai, mnaweza kumuuliza.

Ilikuwa miaka ya sabini, soko la Tulia, Kitui. Nilikuwa na kaduka ka sukari na mafuta taa.

Mlango wa pili alikuwa Mama Kamau, fundi wa nguo, mtu wa Murang'a. Mjane. Alikuja peke yake na cherehani yake, kijana yake mkubwa yuko kazi Nairobi. Hatukujua zaidi ya hapo. Na kwa soko ndogo, mtu ambaye hujui kwao huwa anaangaliwa sana.

Siku moja akampa Mwende wangu, ambaye ndio alikuwa ameanza kutembea vizuri, mbwa ya mbao.

Ya zamani, rangi imechubuka, masikio ya ngozi, macho ya misumari midogo, magurudumu manne. Ukiivuta na kamba inatikisa kichwa ikilia ka-ka-ka.

"Ilikuwa ya Kamau akiwa mdogo," akasema. "Kwangu imekaa bure."

Mwende alikuwa analala nayo.

Mama yangu akaja kututembelea kutoka Matinyani, akaiona, akaigeuza-geuza. "Mtu anapeana kitu ya mtoto wake hivi hivi tu? Anataka nini?"

Nikacheka. Lakini hilo swali lilinikaa kichwani.

Haikupita muda Mwende akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifua kinapiga filimbi. Dispensary wakatupatia dawa ya nimonia, wapi! Akakataa chakula, akabaki macho tu.

Hapo sasa mambo yakaharibika. Mke wangu Kalekye akaacha kumsalimia Mama Kamau. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Mama yangu akatia mbwa kwa gunia, akaiweka nje, ati wamama wa kanisa waje waiombee kisha waichome.

Hata mimi nikaanza kumchunguza. Mbona anauliza hali ya mtoto kila asubuhi?

(By the way, ukishamshuku mtu, hata wema wake unauona kama ushahidi.)

Nikaona mtoto ananiponyoka. Tukambeba hadi hospitali Kitui mjini.

Daktari akasikiza kifua. "Hiki kikohozi kilianza polepole ama ghafla?"

"Ghafla," Kalekye akasema. "Alikuwa anacheza."

Akapigwa X-ray. Daktari akainua ile picha kwa dirisha, akatuonyesha. Ndani ya kifua cha mtoto wangu kulikuwa na msumari mdogo, kichwa cha mviringo.

Wakuu, nilijua hapo hapo. Lilikuwa jicho la ile mbwa.

Tukatumwa Nairobi, wakautoa na chombo kupitia mdomoni. Akapona kabisa.

Kurudi Tulia nilienda moja kwa moja kwa Mama Kamau, nikidhani nampelekea habari njema. "Mama, hakuna uchawi. Ni msumari tu, ulitoka kwa jicho."

Kitambaa kikamtoka mkononi.

"Kwa hivyo ilikuwa mbwa yangu kweli, Baba Mwende?"

Wakati wote watu walipokuwa wakimsema, alitembea kichwa juu. Siku hiyo ndiyo nilimwona akilia.

Na mama yangu je? "Si niliwaambia ni ile mbwa!" Hakubadilisha maneno hadi tukamzika.

Mama Kamau akaanza kufunga mizigo. Kalekye aliposikia, akanunua kitambaa cha maua, akambeba Mwende hadi mlangoni kwake. "Mama, mpime gauni."

Akachukua tepu, akampima. Mizigo ikafunguliwa.

Gauni lilitoka zuri sana, lakini halikuwa na kifungo hata kimoja. Aliweka kamba za kufunga mgongoni. Na kila nguo aliyomshonea Mwende, hadi akaanza shule, ilikuwa hivyo.

Mimi nilijifunza hivi: mtoto akikohoa ghafla akiwa anacheza, mkimbize hospitali na useme alikuwa na nini mkononi. Mchawi mtamtafuta baadaye, kama bado mna haja naye.

Kuna mwenye amewahi kushukiwa, halafu ukweli ukaja ukamuumiza kuliko uwongo? Andika hapa chini. Nasoma zote.