Senta Asiyefunga

Mwaka ule barabara za Doha zilikuwa zimechimbwa kwa ajili ya treni, na kila asubuhi mume wangu alikuwa na kazi ya kutafuta njia mpya ya kunifikisha kazini. Nilikuwa mkalimani wa klabu moja ya mpira wa kikapu. Kazi niliipata kwa Kiarabu nilichosoma nyumbani Unguja, na kwa Kiingereza nilichookota hotelini katika miaka yangu ya mwanzo mjini pale. Meneja wa klabu alikuwa Mqatari, na jambo likiwa zito hataki kulisema ila kwa Kiarabu. Kocha alitoka nchi za Balkani, naye Kiarabu chake kilikuwa cha salamu tu. Mimi nilikaa katikati, namchukulia huyu maneno nampelekea yule. Mpira wenyewe siujui. Nilijua kwamba ukiingia kikapuni watu wanashangilia, basi.

Msimu ule tulikuwa tunafunga sana na tunafungwa zaidi. Tulikuwa na mfungaji mmoja kutoka visiwa vya Karibiani, mwembamba, mcheshi, anayerusha mpira kutoka mbali kama mtu anayetupa nguo kapuni bila kuangalia. Watoto wa wanachama waliandika namba yake kwenye mikono kwa kalamu. Ikaja habari kwamba klabu nyingine ya mji ule ule inamtaka, na badala yake itatupa senta wake, mchezaji wa chini ya kikapu, Mkongo mrefu sana, mtu wa kuzuia. Huyo msimu uliopita hakucheza kabisa. Alikuwa amepasuliwa goti.

Tukakaa ofisini, meneja, kocha, daktari wa klabu na mimi.

"Muulize," meneja akaniambia. "Nitoe mtu anayefunga pointi ishirini na kitu, nipokee mtu anayefunga nne?"

Nikamuuliza kocha. Kocha hakufikiri hata kidogo. "Mwambie namtaka huyo wa nne."

Meneja akamgeukia daktari, aliyekuwa ametazama picha za goti tangu asubuhi. Daktari naye alizungumza Kiingereza. Alisema goti lile linaweza kudumu miaka mitatu, na linaweza kuharibika Alhamisi ijayo. Nikatafsiri. Meneja akanitazama.

"Amesema hivyo kweli, au umetia chumvi?"

"Wallahi, hivyo hivyo."

Kikao kikavunjika bila uamuzi. Nami nikabaki na swali langu mwenyewe. Wiki nzima nilikuwa nimelibeba neno hilo, kuzuia, kuzuia, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na sikuwa najua ndani yake mna nini. Nikamfuata kocha kwenye ujia.

"Wewe unaona nini kwake ambacho meneja hakioni?"

Akacheka. "Jumanne klabu yake inacheza. Njoo ukae na mimi."

Jumanne nikakaa naye jukwaani. Shuruti yake ilikuwa moja tu: nisitazame mpira. Hebu jaribu. Jicho linakimbilia mpira kama paka anavyokimbilia samaki. Kila nikipotea, kocha ananigusa kwa ncha ya kalamu: "Mtazame yeye." Basi nikamtazama. Yule bwana alisimama chini ya kikapu, mikono imetandazwa, akisogea hatua moja huku, moja kule. Kijana mmoja mfupi wa upande wa pili, mwepesi kama panzi, akaingia kwa kasi, akamwona, akazunguka, akatoka tena na mpira wake mkononi, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wageni wamevua viatu ndani. Senta hakumgusa wala hakuugusa mpira.

"Hiyo inaandikwa wapi?" nikamuuliza kocha.

"Haiandikwi popote. Ndiyo shida yangu na meneja."

Ukumbi ulipotulia kidogo nikasikia sauti ya senta. Kumbe hakuwa akinyamaza hata dakika moja. Nikatega sikio, nikasimama wima.

"Nyuma! Nyuma yako! Kushoto! Anakuja, anakuja!"

"Kaa chini," kocha akasema. "Vipi?"

"Anasema Kiswahili!"

"Nilidhani ni Kifaransa. Anasema nini?"

"Anawaambia wenzake kitakachotokea."

Tukatazama wote. Senta alipaza sauti "kushoto," na mwenzake, aliyekuwa hajui neno hilo, akaenda kulia.

Meneja aliposikia kwamba mtu yule ni wa lugha yangu, akapata wazo. Vilabu viwili vilikuwa vimekubaliana kwamba kila upande uruhusiwe kuzungumza na mchezaji wa mwenzake. Akanituma mimi. Sikwenda peke yangu, nilikwenda na mume wangu. Tulikutana naye mtaa wa Al Sadd, katika mkahawa ambao mpishi wake Mkenya alikuwa akikusongea ugali ukimpigia simu mapema. Yule bwana aliingia kwa kuinamia mlango, akakaa, na magoti yake yakaiinua meza.

"Mama," akasema, "wanasema wewe ni masikio ya meneja."

"Mdomo tu, mwanangu. Masikio ni yake."

Akacheka, tukala. Mimi nilizunguka mbali. Nikamuuliza habari za nyumbani kwao Bukavu, za mamake, za baridi ya ukumbini. Mume wangu, ambaye kwake mchezo ni mpira wa miguu na mwingine wowote ni kupoteza wakati, akachoka na mizunguko yangu.

"Sasa kaka, goti linauma au haliumi?"

Nikamfinya chini ya meza. Lakini yule bwana alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Baba, asubuhi inauma. Nikitoka jasho, inanyamaza. Mechi mbili kwa wiki, naweza. Tatu, hapana."

"Umewaambia watu wa klabu yako?" nikamuuliza.

"Hakuna mutu aliniuliza. Banauliza tu: uko tayari? Nami nasema, niko tayari."

"Nimwambie meneja hivyo?"

"Mwambie, mama. Nikivunjika kwenu bila kusema, mtaniita mwizi."

Kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likinikereketa, nalo si la meneja, ni langu. Nikamuuliza kwa nini hafungi. Mtu mrefu hivyo, akinyoosha mkono karibu anakifikia kikapu, kwa nini?

Akafikiri huku anamenya chungwa. "Kwetu tulikuwa ndugu wengi, na wote walipenda kufunga. Miye ndiye mdogo. Nafasi iliyobaki ilikuwa ile." Kisha akaongeza, "Halafu nikaipenda. Ukizuia, unamsoma mutu. Unajua anataka nini kabla yake mwenyewe."

Kesho yake nikamwambia meneja yote: mbili ndiyo, tatu hapana, na kwamba asubuhi linauma. Nikamwambia pia nilichokiona bila kuambiwa, kwamba alipoinuka aliegemea meza. Meneja alisikiliza huku anazungusha tasbihi. Nikadhani nimemaliza, nikataka kutoka.

"Na wewe, ukhti, unaonaje?"

Miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo pale.

"Mpira siujui. Lakini anawasemesha wenzake mchezo mzima na hawamwelewi. Natamani kujua angekuwaje kama wangemwelewa."

"Hata mimi sasa natamani kujua," akasema meneja, na nikaona kwamba anasema kweli.

Akafikiri mpaka mwisho wa wiki. Kisha akamwita mfungaji wetu ofisini, mbele ya kocha na mimi, na alitaka kumwambia kwa mdomo wake, ingawa mdomo wenyewe ulikuwa wangu. Yule kijana alikaa ukingoni mwa kiti. Alipoelewa kwamba anabadilishwa, ucheshi ukamtoka.

"Nimekosa nini?" akauliza.

Nikatafsiri. Meneja akasema, "Mwambie hajakosa. Angekuwa na makosa, nani angemtaka?"

Kijana akatikisa kichwa. "Hilo si jibu. Ila asante kwa kuniita." Akatupa mkono sote watatu, na wangu akaushika kwa muda mrefu kuliko mingine. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka macho yangu yakawa ya kutazamika.

Senta alipohamia kwetu, kocha aliniita uwanjani. Nikasimama katikati ya wanaume wenye jasho, nimevaa baibui langu, viatu nimeviacha mlangoni, nikawafundisha Kiswahili. Nyuma. Kushoto. Kulia. Njoo. Toka. Nahodha, Mqatari, ulimi wake ulikataa kabisa, akawa anasema "kushutu," na kila akisema wanacheka, lakini anageuka upande unaotakiwa. Wiki chache baadaye nilikuwa jukwaani nikasikia watu watano wa nchi mbalimbali wanapigiana kelele za "nyuma, nyuma!"

Tukaanza kushinda. Zilikuwa mechi za pointi chache, za kubanana, na mashabiki walinung'unika kwamba wamelipia kutazama watu wakikosa. Baada ya kila mechi meneja alinipigia simu. "Leo amefanya nini?" Nami nikamweleza: yule namba saba aliingia mara ngapi akarudi, nani aliacha kuja kabisa. Mume wangu alikuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili na kuniuliza tangu lini nimekuwa kocha.

Ikaja wiki ya kombe, yenye mechi tatu. Ilikuwa imekubaliwa kwamba ya tatu atapumzika. Lakini tulikuwa nyuma kidogo, na ushindi unaonekana kwa macho, na katika robo ya mwisho nikamwona kocha anamwinamia pale benchini. Senta akavua fulana ya mazoezi akaingia. Baada ya dakika chache hivi, akaruka, akashuka, akakaa chini. Hakuna aliyemgusa.

Ofisini kesho yake nilikuwa na kazi mbaya. "Mwambie nilimwambia mbili!" meneja akasema. "Mwambie tulikuwa karibu kushinda!" kocha akajibu. Niliyapeleka maneno yote mawili kama yalivyo, bila kuyapoza, kwa kuwa na mimi nilikuwa na hasira.

Jioni nikapita chumba cha tiba. Alikuwa amelala, barafu juu ya goti.

"Kwa nini uliingia, mwanangu?"

"Kocha aliniuliza, mama."

"Alikuulizaje?"

"Aliniuliza: uko tayari?"

Sikumuuliza alijibu nini.

Hakucheza tena msimu ule. Aliketi benchini kwa magongo, akipiga kelele zile zile, na wenzake wakaendelea kumsikia. Tulipokutana na klabu ya mfungaji wetu wa zamani, yule kijana alitufunga sana, na tukapoteza, lakini kwa kidogo, na kila alipoingia ndani alikuta watu. Baada ya mechi alinitafuta, taulo shingoni, ucheshi wake umerudi.

"Hilo neno mnalopigiana, nyuma, ni nini?"

"Ukirudi kwetu nitakufundisha."

"Kushutu nimeshaijua," akasema. "Nahodha wenu ananiangalia kila akiisema."

Tulimaliza msimu katikati ya jedwali. Kocha hakuongezewa mkataba. Senta alipasuliwa tena, na alipoweza kutembea alirudi kwao Bukavu. Hunipigia kwa simu ya picha, na nyuma yake huwa kuna kiwanja cha saruji na vijana wanapiga kelele. Meneja na mimi tulizungumzia mabadilishano yale mara moja tu, tukisubiri gari nje ya ukumbi.

"Tulipata au tulipoteza?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye, na kwamba amejaribu kumweleza mkewe na ameshindwa. Gari likaja, akanifungulia mlango.