Baba alivyotia chumvi ya jikoni kwenye bahari yetu ya sebuleni, hapa Nyanga

Wakuu, amani kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo naweka langu. Sitaongeza chumvi (mtaelewa mbele kwa nini), na pale nilipokosea mtapaona.

Niko Bukoba, kata ya Nyanga. Nafanya kazi maabara kwenye hospitali moja hapa mjini. Naishi na Baba yangu, mzee sasa.

Babu mzaa baba alitoka Pangani, akaja huku kwa biashara ya kahawa, akaoa Mhaya, akabaki. Baba kazaliwa hapa hapa, hata akiota anaota kwa Kihaya. Lakini tangu tuko wadogo hadithi zake zote ni bahari. Maji yanavyojirudi mbali yakaacha mchanga mtupu. Samaki wenye rangi kama khanga. Chumvi inayobaki kwenye nyusi ukishaoga.

Alivyokuwa anasimulia, sisi wote nyumbani tuliamini alipelekwa Pangani utotoni.

Basi moyo wake ukaanza kusumbua na daktari akamkataza safari ndefu. Akawa mtu wa kukaa dirishani, anatazama mvua ikishuka kwenye migomba. Asubuhi moja akaniambia, "Mwanaidi, roho yangu inataka bahari."

Nikamwambia, "Baba, ziwa si hili hapa?"

Akacheka. "Ziwa nalijua. Ziwa ni jirani."

Neno hilo nilienda nalo kazini, nikarudi nalo. Nikaanza kusoma online mambo ya aquarium ya maji chumvi. Wakuu, hii si ile ya maji baridi unayoona kwenye hoteli. Hii ni kama kulea mgonjwa ICU.

Unahitaji kioo kizito, pampu ya kuzungusha maji, mashine ya kutoa uchafu kwa povu, taa yake, na heater, maana Bukoba yetu ina ubaridi na samaki wa bahari wanapenda joto. Kuna chumvi maalumu ya aquarium, ina madini yote ya baharini, unaichanganya na maji safi. Maji yangu yalikuwa ya mvua, niliyakinga kwa turubai kisha nikayapitisha kwenye chujio. Mawe na samaki nilichukua kwa muuzaji wa Dar mwenye kibali. Tafadhali msiende kubomoa matumbawe.

Kwanza niliweka mchanga na mawe tu. Maji lazima yakae wiki kadhaa bila samaki mpaka bakteria wazuri wazaliwe, la sivyo kila utakachotia kitakufa. Kila jioni napima. Baba anauliza, "Bahari gani hii haina mtu?"

Lakini mawe yale yalikuwa na watu, wakuu.

Siku moja tukaona kitu kama unyoya mwekundu kimechomoza kwenye tundu, kinapunga maji. Ukisogea, kinaingia ndani. Kesho yake konokono mwembamba kuliko punje ya mchele. Kisha kaa mdogo anayetembea na kombe lake mgongoni. Hatukuwanunua. Walikuja wamelala ndani ya mawe, wakaamkia Nyanga.

Baba akahamisha kiti chake kutoka dirishani.

Samaki walikuja kwa ndege, wawili, rangi ya chungwa na mistari myeupe. Nikawazoesha maji taratibu, tone kwa tone. Walipoachiwa, wakasimama katikati wakiyumba na mkondo wa pampu kama nguo kwenye kamba. Nje mvua inapiga mabati, ukungu umeshuka mpaka kwenye kibanja chetu cha migomba, na ndani ukuta mzima unacheza mwanga wa bluu. Baba akasinzia na kiganja chake kwenye kioo. Nilikaa chini pembeni yake na sikuwasha hata redio. Kwa kweli sijui nilikaa kwa muda gani.

Ikawa hivyo miezi. Jirani yetu Mama Koku, Mlutheri, mkulima, alikuwa akitoka kanisani anapitia kwetu "kusalimia samaki". Anasimama mbele ya kioo anasema polepole, akianza na neno lake la heshima la Kihaya, "Waitu, Mungu ana kazi."

Sasa kiangazi kikaingia.

Nikarudi kutoka kazini alasiri moja, nikakuta samaki wote wawili wamelala kwenye mchanga, mashavu yanakwenda mbio. Ule unyoya umejificha. Nikapima chumvi. Kipimo kilikuwa juu mno, nikadhani kimeharibika. Nikapima tena.

"Baba, kuna mtu amegusa haya maji?"

"Mimi," akasema, bila wasiwasi kabisa. "Nimeyaonja, hayajakolea. Nikayatia chumvi."

"Chumvi ipi?"

"Ya jikoni. Pakiti zote zilizokuwepo."

Nikamwambia kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea, "Baba! Wewe umeiona bahari kwa macho yako, hukumbuki ilivyokuwa?"

Akatazama mikono yake.

"Sijawahi kuiona," akasema. "Baba yangu ndiye aliyeiona. Alikuwa ananiambia maji yake yanachoma koo. Haya hayachomi. Nikasema labda mwanangu amekosea kidogo, nimsaidie."

Zile hadithi zote. Mchanga, nyusi, khanga. Alikuwa anasimulia macho ya baba yake.

Na samaki walikuwa wanakufa. Chumvi ikizidi huwezi kuishusha ghafla, mshtuko nao unaua. Unatoa maji kidogo, unarudisha yasiyo na chumvi kali, unasubiri, unapima. Na maji yangu ya mvua yalikuwa yamekwisha, na ya kisima yana madini yake, hayafai.

Nikakimbilia kwa Mama Koku. Yeye ana tangi kubwa la plastiki la kukingia mvua, na kiangazi ndiyo maji yake ya kunywa.

"Waitu Mwanaidi, unaomba maji kwa kulia?" akasema. "Chota. Mimi nitateka ya kisima."

Akabeba ndoo moja yeye mwenyewe. Baba akakataa kukaa. Mimi natoa, nachuja, napima, yeye anamimina kwa kikombe, taratibu mno, kama anamnywesha mtoto mchanga uji. Jua likazama, likachomoza, bado tuko pale.

Samaki mmoja hakufika asubuhi. Baba alimfunga kwenye jani la mgomba, akamzika mwenyewe chini ya mti wa kahawa.

Wa pili, jua lilipopanda, aliinuka kwenye mchanga. Akayumba. Akaja mbele ya kioo.

Nilimwomba Baba radhi kwa ile sauti. Akasema, "Ulikuwa na haki. Ila unajua, hadithi ukiibeba sana unaanza kudhani ni miguu yako iliyokwenda."

Niliagiza mwingine. Mwanzoni yule wa zamani alimfukuza kila kona, sasa wanalala ubavu kwa ubavu.

Majuzi wageni walikuja, mmoja akamuuliza, "Mzee, kumbe ninyi asili yenu ni watu wa bahari?"

Nikajua zinakuja hadithi za Pangani.

Baba akajibu, "Mimi bahari nimeiona uzeeni. Ilinifuata hapa Nyanga."

Nilichojifunza: kama kuna mzee nyumbani kwako, muulize ni yapi aliyaona na yapi aliyasikia, na yote mawili uyasikilize kwa heshima. Na chumvi ya jikoni iwekwe kabati la juu.

Wenye uzoefu wa maji chumvi mikoa ya bara, umeme ukikatika muda mrefu mnaendeshaje pampu? Na kama mzee wako naye ana bahari yake, mshushe hapa tumsome. Nipo, nasoma kila comment, Baba yuko pembeni ananiuliza watu wamesemaje.