Waliokula Milaya ya Mama

Mama yangu alikuwa na tabia moja iliyonitia aibu utoto wangu wote. Akikaribishwa kwa mtu, kabla hata chai haijachemka, pua yake ilikuwa imeshaizunguka nyumba nzima. "Una mende," angemwambia mwenye nyumba, kwa sauti ile ile ambayo mtu mwingine angesema una mtoto mzuri. "Wako nyuma ya kabati la vyombo, upande wa jiko." Mwenye nyumba angenuna. Mimi ningetamani sakafu inimeze. Kisha kabati lingesogezwa, na haki ya Mungu, hao hapo, mbio kila upande.

Hiyo ilikuwa Kitale, Kenya, tulikokimbilia kutoka Juba wakati wa vita, nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, katika chumba kimoja cha kupanga kwenye ploti ya milango minane. Watoto wenzangu walifundishwa na mama zao kusuka nywele na kupika ugali usio na madonge. Mimi nilifundishwa wadudu.

Kunguni, aliniambia, usimtafute juu ya godoro, huko anakuja kula tu. Pindua kitanda, angalia kwenye maungio ya mbao na kwenye matundu ya misumari, utaona vidoti vyeusi kama mtu amejaribu kalamu. Panya hakatizi katikati ya chumba hata siku moja. Anatembea akisugua ukuta, kwa hiyo ukuta utakuambia, una mstari wa uchafu wa mafuta. Kinyesi chake kikiwa laini na kinang'aa, jua alipita jana. Kikivunjika kuwa unga, huyo alishahama, usisumbuke. Mende anataka joto na maji. Fukusi ukitia mkono kwenye gunia la mahindi utalisikia limepata joto, kama mtoto mwenye homa.

Na mchwa? Hapo mama alikuwa akishusha sauti, kwa heshima kabisa. "Huyo ni fundi. Hutamwona. Anajenga njia yake ya udongo ukutani, nyembamba kama kamba ya kiatu, ukiifagia leo kesho iko palepale. Mbao akiila anakuachia ngozi ya nje ili usijue. Lakini hawezi kuficha harufu. Popote alipo pananuka udongo mbichi."

Wote hao, alisema, kila mmoja na ujanja wake, wanatafuta kitu kimoja: kile ambacho mwenye nyumba hakigusi. Ndiyo maana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulitoa nyumba nje. Sikusema tulisafisha nyumba. Tuliitoa. Kitanda, godoro, sufuria, viatu, picha za ukutani, vyote vikaanikwa juani katikati ya ploti, majirani wakituuliza kama tumefukuzwa. "Bado," mama angejibu. "Tunawafukuza wengine."

Cha kwanza kutoka kilikuwa sanduku lake la kitambaa cha kahawia, lenye zipu. Watu wa kwetu wengi pale Kitale walikuwa na sanduku kama hilo, limepangwa tayari, linasubiri siku amani ikija. Ndani yake mlikuwa na nguo mbili tatu, lakini mwenye sanduku hasa alikuwa milaya. Milaya ni shuka la kutariziwa kwa mkono, wanawake wa kwetu hulishona miezi na miezi, wamekaa kivulini wakiongea. Ya mama ilikuwa nyeupe, na ndege wawili wa rangi ya machungwa wakitazamana, na maua ya kila rangi ya uzi aliyoweza kuipata. Aliitandaza juu ya kamba, akaikung'uta, akaipindua, akainusa pembe zote nne, kisha akaikunja tena mikunjo ileile. Hatukuwahi kuilalia. "Hii ni ya kitanda cha nyumba yetu wenyewe, Juba," alisema. "Siku hiyo tutaitandika, tukae juu yake tule kitu kizuri."

Kitu kizuri kwake kilikuwa kumbikumbi. Mvua za kwanza zikishapiga, jioni, wale mchwa wenye mabawa walitoka ardhini na kuvamia taa ya mwenye ploti. Mama alikuwa wa kwanza kutoka na beseni la maji, yeye na akina mama wa Kiluhya, wakisukumana na kucheka. Aliwakaanga bila mafuta, chumvi kidogo, akapepeta mabawa. "Mwaka mzima wanakula mlango wetu," alisema akiniwekea mkononi. "Leo ni zamu yetu." Tukimaliza alinishika mashavu kwa mikono yake yote miwili, bila kunawa, nami nikalala na harufu hiyo usoni, ya moshi na chumvi na mafuta ya kumbikumbi. Nilikuwa nikijifanya naichukia.

Amani ilipokuja tulirudi Juba. Tulipanga mtaa wa Buluk, tukanunua kiwanja mtaa wa Gudele, tukaanza kujenga chumba kwa chumba kama kila mtu. Mama alisimamia mafundi na kuwatukana kwa lugha tatu. Kuta zilifika juu. Mabati hakuyaona, aliugua wiki mbili tu akaenda. We acha. Sina namna nzuri ya kuisema hiyo na sitaitafuta.

Nilihamia Gudele peke yangu. Nikaweka kitanda, na kando ya kitanda, sakafuni, limeegemea ukuta, nikaweka sanduku la mama. Milaya sikuitandika. Nitandike vipi? Yule wa kukaa nami juu yake hayupo. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu: sanduku lile lilikuwa na harufu yake. Sabuni ya kipande na mafuta ya simsim, yaani ufuta, aliyojipaka miguuni. Nguo zake nyingine ndugu waligawana baada ya matanga, kama desturi ilivyo. Harufu ilibaki humo tu, Juba nzima, dunia nzima. Kila siku nikitoka shule ninakofundisha, kabla sijavua viatu, nilipiga magoti, nikafungua zipu upana wa vidole viwili, nikaweka pua, nikavuta. Kisha nikafunga haraka, isitoke yote. Nilikuwa naitumia kidogokidogo, kama sukari ya mwisho wa mwezi.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini sanduku limekaa hapo bila kufunguliwa. Mtaa wetu mzima una masanduku yaliyopangwa karibu na mlango. Tuliolelewa Kenya hatujawahi kujua kufungua mizigo yote. Kule tulikuwa tayari kurudi, huku tuko tayari kukimbia.

Mwaka wa tatu nikaona kamba ya kiatu ukutani.

Ilikuwa imetoka kwenye ufa wa sakafu, ikapanda urefu wa kidole kimoja, ikapotelea nyuma ya sanduku. Niliifagia. Kesho yake ilikuwa palepale. Nikaifagia tena, na tena, wiki nzima, mimi mtoto wa mama yule, niliyejua kitu hicho kabla ya kujua kusoma! Badala ya kulisogeza sanduku, nikaanza vita na kila kitu kingine. Nikasogeza friji, nikaua mende. Nikapindua kitanda kutafuta kunguni ambao sikuwa nao. Nikaenda kwa Msomali mwenye duka pale kona, mtu aliyekulia Garissa, tunayesalimiana naye kwa Kiswahili cha Kenya tukikumbuka chapati za huko.

"Dawa ya nini, dada?" aliniuliza.

"Ya mende."

"Mende tu? Hapa Gudele kinachotumaliza ni mchwa. Mimi wamenilia shelfu mbili."

"Kwangu hakuna mchwa," nilimwambia kwa ukali, naye akanifungia dawa yangu.

Basi Jumamosi moja mama mdogo akaja kutoka mtaa wa Malakia kunijulia hali. Yeye ni mdogo wake mama, wa tumbo moja, hakuondoka Juba hata vita vilipokuwa vibaya. Kiswahili chake amekiokota sokoni kwa wafanyabiashara wa Uganda, anakisema anavyotaka na hakuna wa kumrekebisha. Na pua, jameni, pua ni ya familia. Alikaa kitandani, nikampa chai, akanyanyua kichwa.

"Hii chumba iko nanuka nini?"

"Hainuki kitu."

Akainama, akafuata pua yake hadi kwenye sanduku. Nilimwambia aliache. Alipokwisha kuvuta zipu nilijisikia nikisema, kwa sauti ya kitoto, "Mama mdogo, tafadhali. Ni harufu ya mama hiyo."

Alinusa. Akanusa tena, taratibu. Akanitazama kwa huruma ambayo ilinikasirisha kuliko tusi.

"Ya biniya," alisema, hivyo ndivyo wanavyomwita msichana hapa, "hii hapana dada yangu. Dada yangu mimi najua. Hii iko udongo. Hii iko mchwa."

Nilichomjibu nakijutia hadi leo. Nilimwambia kama alimjua dada yake vizuri hivyo, alikuwa wapi miaka yote ile tulipokuwa wawili tu kwenye chumba kimoja Kitale. Aliweka kikombe chini, chai nusu. "Kalas," alisema, yamekwisha, na akatoka kwenda kituoni kutafuta basi la kurudi Malakia. Hakugeuka.

Nilibaki nimesimama. Halafu nikapiga magoti kama kila siku, nikaweka pua, na mara hii nikanusa kama alivyonifundisha mwenyewe, si kwa kumtamani bali kwa kutafuta. Udongo. Udongo mbichi mtupu. Sabuni hakuna, simsim hakuna. Harufu ilibadilika kidogokidogo, ya leo ikifanana na ya jana, na mimi kila siku nikaiita mama. Sijui ni lini hasa alitoka mle ndani. Labda mwaka mzima nilikuwa napiga magoti mbele ya mchwa.

Nikafungua zipu yote. Chini ya sanduku hakukuwa tena na kitambaa, kulikuwa na udongo, na ndani ya udongo vijidudu vyeupe vikihangaika kwa mwanga. Gauni la kwanza liliponipasukia mkononi sikulia. Milaya ilikuwa katikati. Ukiiona imekunjwa ungesema imepona, ina tundu moja tu, la kupitisha ngumi. Lakini nilipoitoa nje kuitandaza juu ya kamba, kila mkunjo ulifungua tundu lake, mapacha, safu kwa safu, kumi na sita. Ndege mmoja hakuwa na kichwa. Mwenzake alikuwa bado anamtazama. Hapo ndipo nilipolia, nje, mbele ya majirani, saa sita mchana.

Nilikuwa na hasira na mchwa, lakini zaidi na nafsi yangu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mama! Miaka mitatu sikutoa hata kiti. Nilidhani kuacha kitu bila kukigusa ndiko kukitunza. Yeye alikishika kila mwezi, akakikung'uta, akakianika juani mchana kutwa, na hakuogopa hata siku moja kwamba jua litamchukulia kitu.

Basi nikaitoa nyumba. Yote, peke yangu, hadi jioni. Nikachoma sanduku. Nikafua milaya, nikaitandika kitandani na matundu yake, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuiweka ambapo nisingeiweka tena na kuiacha.

Wiki mbili baadaye mvua ikapiga Gudele mchana kutwa. Jioni, jua likiwa bado halijazama, nilisikia kitu kama karatasi inayokunjwa. Walikuwa wanatoka kwenye ufa uleule wa sakafu, palepale sanduku lilipokaa, kumbikumbi, wanene, wanasukumana kutoka kama wamechelewa harusi. Nilipiga simu Malakia.

"Mama mdogo, nisamehe. Nisamehe sana. Na wametoka."

"Wengi?"

"Chumba kimejaa."

"Usiguse. Mimi iko nakuja."

Alifika na kikaango chake mwenyewe, kwa kuwa cha kwangu hakiamini. Tulikimbizana nao na beseni la maji, tukigongana, nikamsikia akicheka kicheko ambacho nilidhani kimezikwa pamoja na mama. Alikaanga bila mafuta. Hakutaja niliyomwambia, ila alipopepeta mabawa alisema, bila kunitazama, kwamba kila mwaka, mvua hizi zikija, alikuwa akimkaangia dada yake sahani moja na kuiweka pembeni. Miaka yote ile ya Kitale. Mwishowe aliila mwenyewe.

Tulikaa juu ya milaya, juu ya ndege asiye na kichwa, sahani katikati yetu. Nilisema, "Mwaka mzima walikula vya mama. Leo ni zamu yetu." Mama mdogo alinijazia kiganja, tukala, moto kabisa, chumvi ilivyotakiwa, hadi sahani ikawa tupu.

Nilipoinua mikono kufuta machozi, harufu ikanifika. Moshi, chumvi, mafuta ya kumbikumbi. Nikajishika mashavu yote mawili nikabaki hivyo hivyo.

"Enda nawa mikono," mama mdogo alisema.

Sikunawa.