Kushoto ni Ziwani

Wanaosema Marthe Banza alijifunza Kiingereza cha jukwaani kwa mwezi mzima wanamwongezea sifa. Zilikuwa wiki mbili, na nusu ya muda huo tulikuwa tunachambua dagaa. Najua, kwa sababu nilicheza mstari wa pili, nyuma ya mgongo wake, na mgongo wa Marthe haumwachi mtu aone kitu kingine.

Kwetu Pweto, ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyekuwa kiongozi wa ngoma. Harusi ambayo hakuicheza, watu waliiona kama nusu harusi. Tulipokimbia vita tukafika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, akageuka kuwa mama wa mihogo tu: Alhamisi anaishusha sokoni Nchelenge, jioni anarudi na dagaa. Kila mwaka, kwenye siku ya ngoma za asili pale Nchelenge, kando ya ziwa, kundi letu la akina mama kumi na wawili, Marthe wa kumi na tatu mbele yetu, lilipangiwa kucheza kwenye maegesho, si jukwaani, wageni wakishuka magarini. Tulicheza huku tukikwepa milango. Marthe alilichukia jambo hilo waziwazi.

"Mbele ya kufa," alikuwa akisema, yaani kabla hajafa, "nitapanda kwa ile stage."

Mwaka huu mpangaji wa maonyesho alikuwa Kingsley, kijana mwembamba aliyesomea sanaa Lusaka. Alitupa dakika tano jukwaani, kwa sharti moja, akalisema kwa Kibemba, lugha ya hapa tunayoijua sote, ili asije mtu akajifanya hakuelewa: amri zote atazitoa kwa Kiingereza, na kundi litakalovurugana litarudi maegesho na kubaki huko. Kisha akampa Marthe karatasi ya maneno ishirini.

Basi tukasoma. "Enter" haikutusumbua, hata kuku anajua kuingia. "Cue" tulieleweshwa na Gustave, kaka yake Marthe na mpiga ngoma wetu: akigonga ngoma ndogo, ndiyo hiyo, anza. "Spotlight", taa ya kummulika mchezaji, tuliielewa, ila maonyesho yalikuwa ya mchana, kwa hiyo tukaisamehe. "Bow" ndiyo ilinikera. Sisi tukitoa heshima tunapiga goti mpaka chini. Hawa wanataka ukunje kiuno kidogo halafu uinuke haraka. Nilisema huo ni utovu wa adabu, na mpaka leo sijabadilisha maneno.

Kazi ilikuwa kwenye "stage left" na "stage right". Wengi wetu mambo ya kushoto na kulia hatuna habari nayo. Huku pwani ya ziwa hata sufuria unaambiwa uisogeze upande wa ziwa, na mtoto akilala vibaya unamsukuma upande wa barabara. Marthe akapanda jukwaa la mazoezi, akatazama pale watazamaji watakapokaa. Ziwa likawa mkono wake wa kushoto.

"Bamama, musikie bien," akasema, na "njo" kwetu ni "ndiyo". "Left, njo ziwa. Right, njo barabara. Mutu asiwaze, aende tu."

Hatukuwaza. Tulienda vizuri mpaka Kingsley akapiga makofi.

Neno la mwisho kwenye karatasi lilikuwa "encore", neno la Kifaransa la kuwaomba wachezaji warudie. Marthe alilitazama kidogo, akakunja karatasi.

"Hii tunaijua tangu kwetu. Tunaiacha. Hapa nani atatuambia ile neno?"

Tukarudi kwenye left na right.

Siku ikafika. Tukakuta lori la samaki limekwama tangu asubuhi upande ule wa wageni, na harufu yake haikuwa na heshima kwa mtu yeyote. Kwa hiyo hema la wageni lilikuwa limehamishiwa upande wa pili, na sisi tungecheza tukiwaangalia huko, tukilipa lori mgongo. Hakuna aliyefikiria kwamba tukigeuka sisi, ziwa halitageuka nasi. Gustave akagonga, tukaingia, mambo yakaenda kama maji. Ndipo Kingsley, pembeni, akaita: "Stage left!"

Watano waliosoma shule wakaenda kushoto. Saba tuliobaki, waaminifu kwa mwalimu wetu, tukaenda ziwani. Tukakutana katikati kwa vifua. Kilemba cha jirani yangu kikaruka, mimi nikakalia mguu wa mtu, na Marthe mwenyewe akabaki amesimama katikati yetu. Uwanja mzima ukacheka. Kingsley akashika kichwa. Gustave akaacha kupiga.

Nilimtazama Marthe nikaumia moyo. Macho yake yalikuwa kule maegesho. Halafu akavuta pumzi, akafunga kitenge upya kiunoni, akapaza sauti ile ya harusi za Pweto:

"Gustave, piga! Bamama, ziwani!"

Sote kumi na wawili tukaenda ziwani.

"Barabarani!"

Tukaenda barabarani. Wauza samaki waliosimama nyuma, Wabemba wa hapahapa wanaojua Kiswahili cha biashara, wakaanza kuita naye: ziwani, barabarani, ziwani! Marthe akatugawa makusudi, akatugonganisha vifua tena, safari hii kwenye mdundo, na kile kilemba kikarushwa kwa hiari. Wageni wakasimama. Dakika tano zikaisha, tukakunja viuno, bow, kidogo tu, kwa ajili ya Kingsley.

Kingsley akaja mpaka ukingo wa jukwaa, ameinua kidole. Nikajua ni maegesho. Akasema neno moja tu.

"Encore."

Hatukuhitaji kutafsiriwa. Marthe alijifuta macho kwa ncha ya kitenge bila kujificha, nami nilikuwa nalia zaidi yake. Kisha akatugeukia, mkali kama kawaida.

"Bamama, mbele tuanze: ziwa iko wapi?"

Tukanyoosha mikono, sote kumi na wawili, upande mmoja.