Oili Nzito ya Pikapu ya Masanja

Tulikuwa wanne pale gereji ya Igogo: mimi, mume wangu Masanja, binti yetu Kabula ambaye shule alikuwa hajaanza, na fundi Mayunga, mtoto wa dada yake Masanja. Juzi nilimwona Kabula dukani anachagua oili ya gari lake, nikaikumbuka alasiri ile.

Pikapu iliyotubebea nyanya kutoka Misungwi ilikuwa inagonga kama mtu anatwanga mahindi ndani ya injini. Injini ikifa, na biashara yetu imekufa.

"Mjomba, umeweka oili gani?"

"Ile mpya ya nje, nyepesi. Si siku hizi maduka yamejaa?"

"Gari zee hili, mjomba, vyuma vimelika! Linataka nzito."

Mayunga akasukuma karai chini ya injini, akafungua nati. Oili ikamwagika nyeusi, ya moto, inanuka kuungua. Kabula alizoea kuona mbuzi akikingiwa damu kwa karai, basi akakumbatia gurudumu analia.

"Baba, asilichinje!"

"Silichinji, dada. Nalibadilishia uji," Mayunga akasema, akimimina oili nzito taratibu.

Masanja akawasha. Injini ikagonga kidogo, ikagonga tena, halafu ikatulia, ikawa inanguruma polepole tu. Nikashusha pumzi. Masanja akainamia usukani, akapangusa uso.

Kabula anasema baba yake alifuta machozi. Mimi nakumbuka ni jasho. Mayunga, ukisoma hapa na nimekosea, nisahihishe.